Barua ya wazi kwa wakutubi na watunza kumbukumbu: zipokeeni na picha zetu za mtandaoni

Ndugu wakutubi na watunza kumbukumbu wa Tanzania, Bara na Visiwani,

Nawaandikia kutoka Temeke, Dar es Salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu 2007 nimekuwa nikipiga picha za mtaani na kuziweka mtandaoni, kwanza kwenye blogu, kisha kwenye mitandao ya picha, na siku hizi kwenye simu kama kila mtu. Sina studio wala sijawahi kuajiriwa na gazeti. Nilipiga nilichokiona nikienda kazini na nikirudi.

Mwaka jana, majuma machache baada ya Idi, binti mmoja alibisha hodi kwangu. Sikumtambua mpaka alipomtaja baba yake, fundi baiskeli aliyekuwa akikaa chini ya mwembe pale Mtoni Mtongani, kando ya Barabara ya Kilwa. Mzee alikuwa amefariki. Arobaini ilikwisha kusomwa, na nyumba nzima haikuwa na picha yake ila ile ya kitambulisho, ndogo, uso umekazwa kama wa mtu anayehojiwa. "Mwalimu," akaniambia, "mama anasema uliwahi kumpiga baba picha, ukaja kumwonyesha."

Kweli nilimpiga, mwaka 2009. Alikuwa amepindua baiskeli aina ya Phoenix, magurudumu juu, analizungusha la nyuma huku amefumba jicho moja aone rimu imepinda wapi. Mkono mmoja ulikuwa na spana ya spoku, mwingine umetulia hewani ukisubiri. Nilimwambia binti akae, naitafuta sasa hivi.

Sikuipata. Nilikuwa nimeipakia kwenye mtandao mmoja wa picha uliotutunzia picha bure. Miaka ilipopita wenyewe walibadili masharti, wakaweka kikomo kwa wasiolipa, na zilizozidi kikomo zikafutwa. Onyo lilikuja kwa barua pepe, kwenye anwani niliyokuwa nimeacha kuifungua. Kompyuta yangu ya wakati ule iliungua umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Kadi ya kamera nilikwisha kuifuta ili nipigie picha nyingine, maana sikuwa na uwezo wa kununua kadi mpya kila mwezi. Kwenye blogu, pale palipokuwa na picha, pamebaki kisanduku cheupe chenye alama ndogo ya picha iliyochanika. Chini yake yapo maneno yangu mistari minne, na maoni kumi na moja ya wasomaji.

Binti aliyasoma yote kumi na moja akiwa amesimama. Moja liliandikwa na mtu aliyeko Maskati: "Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kuziba pancha nikiwa mdogo. Mfikishieni salamu zangu." Nilizifikisha salamu zile, nakumbuka vizuri. Mzee alicheka, akauliza ni nani huyo aliyekaa Maskati akaona gurudumu la Mtongani. Binti alinukuu maneno yale kwenye daftari kwa kalamu, akashukuru, akaenda zake.

Tangu siku hiyo sijatulia. Wenye mitandao siwaandikii, kwa kuwa wao wana biashara zao, na mkataba tulioukubali kwa kubofya bila kusoma uliwapa ruhusa ya kufanya walichofanya. Nawaandikia ninyi kwa sababu kutunza ndiyo kazi yenu. Mmeisomea, mmeapa kwayo, na mna majengo. Ninachowaomba ni kwamba picha na maandishi ambayo watu wa kawaida wa nchi hii wameyaweka mtandaoni kwa miaka ishirini sasa yahesabiwe kuwa kumbukumbu, yapewe mlango wa kuingilia kwenu, na mlango huo ufunguliwe wakati wengi wetu bado tuko hai kueleza nani ni nani.

Wengine kwenu ni vijana, basi niruhusuni nieleze ilivyokuwa. Blogu za Kiswahili zilianza kuvuma katikati ya miaka ya 2000. Ndesanjo Macha aliandika Jikomboe, akawa anatuhimiza tuandike kwa lugha yetu, na 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, akafungua blogu yake ya picha. Mimi niliiona blogu ya Michuzi kwenye kafe ya intaneti mjini, Posta. Ilikuwa picha ya harusi ya watu nisiowajua, na chini yake Watanzania walioko Uingereza na Marekani wanapongeza, wanauliza nguo imeshonwa wapi, wanatafuta ndugu zao katika umati. Nilirudi nyumbani nikiwaza jambo moja tu, kwamba mtaa wetu nao una watu.

Kupakia picha wakati ule ilikuwa kazi ya subira. Intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, na kafe walitoza kwa dakika. Nilizipunguza picha ukubwa nyumbani, nikaziweka kwenye flashi, nikapanda daladala ya Mbagala–Posta Jumamosi asubuhi. Picha tatu zingeweza kula nusu saa yote. Mstari wa buluu unasogea, unasimama, unasogea, kisha umeme unakatika na unaanza upya. Ndiyo maana zile picha ndogo zilizobaki mtandaoni zina ukungu. Tulizipunguza ili zipite. Kebo ya SEACOM ilipofika pwani yetu Julai 2009 mambo yalianza kubadilika, lakini picha za kabla ya hapo, zile nzima zenye kuonyesha hata maandishi ya mbali, zilibaki kwenye kompyuta na kadi zetu. Na kompyuta na kadi zile mnajua zilipo: kwenye makabati, kwa mafundi, jalalani.

Ninyi mnafahamu thamani ya picha kuliko mimi, lakini nazungumzia picha za aina ambayo nadhani haijaingia kwenye majalada yenu. Picha za viongozi mnazo, na sherehe za kitaifa mnazo. Je, mna ubao wa mama ntilie wa Tandika wa mwaka 2008, wenye bei za wali maharage na chapati kwa chaki? Mna daladala zenye mistari ya rangi za njia zao kabla mabasi yaendayo kasi hayajaanza Mei 2016? Mna foleni ya watu, mikokoteni na mbuzi wakingoja pantoni Kigamboni, miaka kabla ya daraja la Kurasini kufunguliwa Aprili 2016? Vibanda vya vocha peke yake ni kalenda. Celtel iligeuka Zain 2008, na Zain ikageuka Airtel 2010, hivyo ukuta wenye rangi za Zain unakwambia ulipakwa katika miaka ile miwili mitatu, hata kama mpiga picha hakuandika tarehe. Hakuna aliyepiga kuta zile kwa ajili ya historia. Tulimpiga mtu aliyekaa mbele yake, na ukuta ukaingia wenyewe.

Asubuhi ya 30 Aprili 2009, siku moja baada ya mabomu ya ghala la jeshi kulipuka Mbagala, nilipiga familia zilizolala nje zikirudi nyumbani na magodoro kichwani. Desemba 2011, mafuriko ya Jangwani, kila mwenye simu yenye kamera alipiga, na nyingi zikaenda Facebook usiku uleule. Baadhi ya wale waliofurikiwa walihamishiwa Mabwepande. Nyumba zao hazipo tena, na kwa wengine ushahidi pekee kwamba walikuwa na nyumba ni picha iliyoko kwenye akaunti ya jirani aliyesahau nenosiri lake.

Hata huko Unguja ni vivyo hivyo. Sehemu ya jumba la Beit al Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kurasa zetu zilijaa picha za watu waliowahi kusimama kwenye baraza yake: safari ya shule, fungate, mgeni kutoka bara na kofia yake. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na nguzo, mlango, boriti, dari. Mtu anayejenga upya angezihitaji picha hizo zote, kutoka pembe zote, na hakuna mtaalamu ambaye angeweza kuzipiga zote peke yake. Ziko wapi sasa? Zimeteremka chini, chini ya picha za jana na juzi, ambako hakuna anayefika.

Msidhani kwamba zitabaki kwa sababu kampuni ni kubwa. GeoCities, ambako mamilioni ya watu walijenga kurasa zao za kwanza, ilifungwa 2009. Orkut ilifungwa 2014. Panoramio, iliyokuwa na picha za mahali kwa mahali duniani, vijiji vyetu vikiwamo, ilifungwa 2016. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019. Mwaka huohuo MySpace ilikiri kwamba nyimbo, video na picha nyingi zilizopakiwa kabla ya 2016 zimepotea katika kuhamisha seva. Na siku hizi tumezoea jambo ambalo kwangu ni zito zaidi, kwamba picha hupigwa ili ipotee. Mtu anapiga mama yake akipika siku ya Idi, anaiweka status, baada ya saa 24 imeondoka, na simu ikijaa anafuta na asili yake. Ikiokolewa kwa kutumiwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa, na ile taarifa ya tarehe na saa iliyojificha ndani ya faili huondolewa. Inafika ikiwa haijui imezaliwa lini.

Darasani niliwahi kuwaomba wanafunzi walete picha ya bibi au babu akiwa kijana. Waliokuja na picha walikuwa wachache, na wengi wao walileta zile za karatasi, za studio, nyeusi na nyeupe, zenye pazia lililochorwa mitende. Waliokosa walinipa sababu ambazo mtoto wa miaka kumi na miwili hakupaswa kuzijua: simu ya baba iliibwa kwenye daladala, simu ya mama iliingia maji, akaunti ya shangazi ilidukuliwa. Karatasi ya bibi imewashinda wajukuu wake wote na simu zao.

Niseme pia kuhusu 2018, kwa kifupi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotangazwa mwaka ule, mwenye blogu alitakiwa kusajiliwa, na ada ya leseni ilikuwa shilingi 1,000,000, mbali na ada ya maombi ya shilingi 100,000. Kwa mwalimu mwenye blogu isiyoingiza hata senti, hesabu ilikuwa nyepesi. Niliacha kuandika. Wenzangu wengi walifanya hivyohivyo, na baadhi waliogopa wakafuta kila kitu, miaka kumi ya mtaa kwa mbofyo mmoja. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Kilichofutwa hakikurudi.

Nilipomkosa mzee wa Mtongani nilijaribu pia ile hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive kule San Francisco. Niliandika anwani ya blogu yangu, zikatokea tarehe sita za miaka mbalimbali. Kurasa zilifunguka, maneno yapo, picha nyingi hazipo. Nawashukuru kwa dhati watu wale, kwani wamenitunzia zaidi ya nilivyojitunzia. Lakini nilikaa pale nikijiuliza kwa nini kilichobaki cha Mtoni Mtongani kiko California.

Si mara ya kwanza. Picha za zamani za Afrika Mashariki, pwani yetu ikiwamo, zaidi ya 7,000, za kati ya 1860 na 1960, zimo katika mkusanyiko wa Humphrey Winterton, ambao Chuo Kikuu cha Northwestern huko Illinois kiliununua 2002 na kuuweka wazi mtandaoni. Nimezitazama usiku mwingi. Wamo watu wa Unguja, Bagamoyo, Tanga, wamesimama wima mbele ya kamera, na mara nyingi maelezo yanasema tu mwanamke wa Kiswahili, mpagazi, mtoto. Jina halikuandikwa kwa sababu aliyeshika kamera hakuuliza. Pale Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe akaendeleza duka baada yake. Picha zile zinadumu kwa sababu familia moja ilizilinda na joto na mchwa kwa miongo. Sasa sisi tuna picha ambazo majina yake tunayajua. Yameandikwa kwenye maoni: "huyo aliyevaa kanzu ni mjomba wangu," "hapo ni kwa Mpemba kabla hajahamia Buza," "huo mti waliukata walipopanua barabara." Mtunza kumbukumbu wa miaka mia moja iliyopita angetoa nini kupata maelezo kama hayo? Kwetu yamelala bure, na yakifutwa picha zitakazobaki zitakuwa bubu kama zile za Winterton.

Mnaijua kazi hii inavyofanyika kwingine. Uingereza tangu 2013 sheria inaziruhusu maktaba zake kuu kukusanya tovuti za nchi hiyo kama zinavyokusanya vitabu. Na Afrika hii hii, maktaba ya Aleksandria nchini Misri ilipofunguliwa 2002 iliweka nakala ya ile hifadhi ya mtandao ya San Francisco. Maktaba yetu Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere 1967, na tangu zamani mchapishaji wa kitabu hupeleka nakala. Mwenye picha 10,000 za Temeke apeleke wapi?

Nimejaribu kuuliza, kwa simu na kwa miguu. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja na diski yangu mkobani. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu sana, akanieleza kwamba hakuna fomu ya kitu kama hicho. Simlaumu. Fomu inatungwa na wakubwa.

Sitaki mtumie fedha msizokuwa nazo kununua mitambo. Anzeni na chumba, kompyuta mbili, na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo kwa jina. Anayekuja na diski apokewe, faili zake zinakiliwe kama zilivyo bila kupunguzwa, na nakala ya pili ikae mji mwingine. Akae na mtunzaji kwa siku moja au mbili, asimulie: hapa ni wapi, huyu ni nani, nilisimama upande gani wa barabara. Kwa wenye blogu, maoni yachukuliwe pamoja na picha, yasitenganishwe. Wako wapiga picha wa harusi wa Tanga, Mwanza, Kigoma na Mtwara wenye makabati ya CD ambazo hazitafunguka miaka kumi ijayo. Waendeeni hao kwanza, kabla ya mimi.

Na kuna jambo linalonisumbua ambalo nawaachia ninyi, kwa kuwa lina uzito kuliko diski. Miaka ile sikuomba ruhusa kila mara. Nilimpiga mama muuza vitumbua alfajiri, moshi umemzunguka, nikaona ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Baada ya miezi aliniita pembeni. Mwanawe aliyekuwa chuo alikuwa ameonyeshwa picha ile na wenzake, wakamcheka. "Baba, nitolee," akaniambia, hakuongeza neno. Nilienda kafe siku hiyohiyo nikaitoa, na kwa miaka mingi sijaionyesha kwa mtu. Lakini ninayo. Sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ninyi mna desturi ya kufunga jalada kwa miaka hadi wahusika wasiweze kuumizwa nalo. Desturi hiyo ndiyo inayokosekana mtandaoni, ambako kitu ama kiko wazi kwa dunia nzima ama hakipo kabisa. Picha ya mama yule ningependa itunzwe, ifungwe, na wajukuu zake ndio waje kuamua. Hakuna mtandao wowote wa kijamii unaoweza kunipa hilo. Ninyi mnaweza.

Nimenunua diski ya terabaiti moja. Tangu Idi ile nimekuwa nikikusanya kilichobaki, kutoka flashi, CD, barua pepe nilizowatumia ndugu, hata simu za jamaa niliowahi kuwarushia picha. Nimeandika majina kwenye daftari, ukurasa kwa mwezi, kuanzia Machi 2007. Majuma mawili yaliyopita binamu yangu wa Morogoro alipata kwenye barua pepe yake ya zamani picha niliyomtumia 2009 akanirudishia. Ni mzee wa Mtongani. Si ile ya gurudumu. Ni nyingine ya dakika ileile, amegeuka anaongea na mtu asiyeonekana, na nyuma yake binti mdogo wa miaka kama sita ameshika pampu kubwa kuliko yeye. Nimeichapisha nakala mbili. Moja nimempelekea mwenyewe, yule aliyekuwa ameshika pampu.

Nyingine iko ndani ya bahasha, na daftari, na diski. Niambieni nije mlango upi, siku gani. Shule zinafunga mwezi wa sita, nami nitakuwa na nafasi ya kukaa na mtu wenu hata wiki nzima.

Wenu,
Mwalimu na mpiga picha wa mtaani,
Temeke, Dar es Salaam